Sokwe huku, bonobo kule: mto Kongo haukuja katikati yao

Kwa miaka kadhaa kisa hiki nilikifundisha kidato cha sita kwa chaki mbili. Kwa nyeupe nilichora msitu, na ndani yake vinukta ishirini thelathini, ndio mababu. Kwa buluu nikapitisha upinde mmoja mkubwa katikati ya vinukta. "Huu mto Kongo. Waliobaki kaskazini wakawa sokwe, waliobaki kusini wakawa bonobo, ndugu zao wa karibu." Utengano wa kijiografia, yaani spishi moja kuwa mbili kwa kutengwa na mahali, umeeleweka, na kengele bado haijalia.

Siku moja binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, na gorila je? Mto ulipokuja, yeye alikuwa wapi?"

Nikamwambia swali zuri, tutalirudia. Walimu wenzangu wanaijua maana ya jibu hilo.

Alichokiona yule binti ni hiki. Kama mto ulizuka katikati ya msitu, ulipaswa kugawa kila kilichokuwemo: gorila wa huku na gorila wa kule, kama ilivyokuwa kwa sokwe. Lakini kusini mwa mto Kongo hakuna gorila hata mmoja wa porini. Wa magharibi wako Gabon, Kamerun na Kongo-Brazzaville. Wa mashariki wako Kahuzi-Biega, Virunga na milima ya jirani hadi Rwanda na Uganda. Wote hao ni ukingo wa kulia ukitazama maji yanakoelekea, yaani kaskazini na mashariki ya mto. Mto gani huu unaoikata jamii moja ya wanyama vipande viwili na kuisaza jirani yake anayelala msitu uleule?

Jioni ile nilianza kukifumua kisa changu. Kilifumuka chote.

Tuanze na maji yenyewe. Kongo una urefu wa takriban kilomita 4,700. Huko juu unaitwa Lualaba. Unapita Kindu, unafika Ubundu, kisha unashuka maporomoko saba ya Boyoma kwa mwendo wa kama kilomita 100 mpaka Kisangani, na kuanzia hapo ndipo unaitwa Kongo. Pale Kisangani, mji ambao sokoni Kiswahili na Kilingala hupishana kwenye sentensi moja, wavuvi wa Kiwagenya wamesimika miti minene juu ya miamba katikati ya maji ya kasi na kuifunga kwa kamba za msituni. Kwenye miti hiyo hutundika madema makubwa yenye mdomo mpana kama tarumbeta. Hakuna chambo. Maji ndiyo yanayomsukuma samaki ndani ya dema, na akishaingia hana nguvu ya kurudi kinyume cha mkondo. Samaki huyo, mzaliwa wa mto! Sasa mfikirie mnyama mzito asiyejua kabisa kuogelea. Sokwe na bonobo huzama. Bonobo huweza kuingia kwenye kinamasi maji yakamfika kiunoni akitafuta mizizi na majani, lakini maji marefu hayawezi. Bustani nyingi za wanyama huko Ulaya na Marekani ziliwahi kuwafungia sokwe kwa handaki la maji tu, bila ukuta.

Mto huu una tabia nyingine ya ajabu: hauna kiangazi. Unaivuka ikweta mara mbili, kwa hiyo vijito vyake vya kaskazini vikikauka, vya kusini vimefurika, na kinyume chake. Kwa wastani unamwaga baharini kama mita za ujazo 41,000 kila sekunde. Mto wa Amazon peke yake ndio unaoushinda. Ruaha tumeuona ukisimama. Kongo mtu hajauona ukisimama. Tulishike hilo la kiangazi, tutalihitaji baadaye.

Ng'ambo ya kulia wako sokwe, na sokwe hao ndio haohao tulio nao. Spishi ndogo ya mashariki inaanzia katika misitu ya kaskazini ya Kongo, inashuka mashariki ya Lualaba, mpaka Gombe na Mahale kwetu Tanzania. Ng'ambo ya kushoto, ndani ya ule upinde mkubwa wa mto hadi karibu na Kasai na Sankuru upande wa kusini, wako bonobo. Hawapo nchi nyingine yoyote duniani ila Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mahali ambapo mto una visiwa vingi mtu hupiga kasia nusu ya siku kuuvuka. Mahali ambapo ni mwembamba, sokwe wa ukingo mmoja angeweza kumsikia bonobo wa ukingo wa pili akipiga kelele, na wasionane milele.

Kwamba hao ni wawili, wataalamu wa Ulaya walichelewa sana kujua. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Mmarekani Robert Yerkes alinunua watoto wawili, dume na jike, akawalea kama sokwe. Dume, aliyemwita Chim, alimshangaza kwa akili na upole wake kuliko sokwe wengine wote aliowahi kuwaona. Chim alikufa mwaka uliofuata, na baadaye sana ndipo ikajulikana kwamba alikuwa bonobo. Mwaka 1929 Mjerumani Ernst Schwarz akaandika maelezo ya kwanza ya kisayansi kutokana na fuvu lililokuwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Lilikuwa fuvu dogo, mtu angedhani la mtoto, ila maungio ya mifupa yalikuwa yameshafungana kama ya mtu mzima. Na lilitoka kusini mwa mto. Schwarz alimhesabu kuwa spishi ndogo ya sokwe. Mwaka 1933 Harold Coolidge, Mmarekani, akampa hadhi ya spishi kamili. Jina "bonobo" lenyewe yasemekana ni Bolobo, mji ulio kando ya mto, lililokosewa tahajia. Watu wa msituni, bila shaka, walikuwa na majina yao siku zote.

Weka picha mbili mezani. Mtoto wa sokwe huzaliwa na uso mweupe unaokolea kadiri anavyokua. Mtoto wa bonobo huzaliwa na uso mweusi tayari, midomo yake ina wekundu, na nywele za kichwani zimegawanyika katikati kana kwamba mama yake kamchana. Bonobo ni mwembamba zaidi mabegani, miguu yake mirefu, sauti yake nyembamba na ya juu. Akiwa mbali unaweza kudhani ni ndege.

Maumbile hayo ni madogo ukilinganisha na mwenendo. Gombe, kati ya 1974 na 1978, madume wa jamii ya Kasakela waliwavizia na kuwaua mmoja mmoja madume wa Kahama, ambao miaka michache nyuma walikuwa wakila na kulala pamoja nao. Kwa sokwe, dume ndiye mwenye mji. Kule Wamba, katika nchi ya bonobo, ambako Takayoshi Kano na Wajapani wenzake walianza kuwafuatilia bonobo miaka ya 1970, makundi mawili yakikutana hupiga kelele, hukaripiana, kisha mara nyingi hukaa na kula mti mmoja. Majike wasio ndugu hushikana, na dume mkorofi hufukuzwa na majike watatu wanne kwa mpigo. Mtoto wa kiume hupata cheo kwa kumtegemea mama. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani bonobo ni malaika. Wanakula nyama, wanakamata hata funo wa msituni, na madume hugombana. Lakini mauaji ya kuvizia jirani kama ya Kahama hayajaonekana kwao.

Na hapa gorila wa yule binti anarudi kwa mlango mwingine. Richard Wrangham wa Harvard alipendekeza kwamba kukosekana kwa gorila ndiko kulikompa bonobo maisha yale. Ng'ambo ya kulia gorila hula majani laini na mashina ya chini msituni, sokwe akabaki anategemea matunda, na matunda hayatoshi kundi kubwa kutembea pamoja kila siku. Majike wa sokwe hulazimika kutawanyika wakitafuta chakula, kila mmoja na mwanawe. Ng'ambo ya kushoto mboga za chini hazina mwenyewe. Bonobo wakikosa matunda hula hizo, hivyo majike wanaweza kuandamana siku nzima, na wanaoandamana ndio wanaoweza kushirikiana. Hiyo ni dhana, ina wanaoikosoa. Mimi inanivutia kwa sababu inafanya utengano uwe zaidi ya mstari wa maji: aliyetengwa hakutengwa na ndugu zake peke yao, ametengwa na mshindani wake pia.

Sasa umri. Nilipokuwa nachora kwa chaki ya buluu nilikuwa nafuata hesabu iliyokuwa inapendeza. Vinasaba vilionyesha kwamba sokwe na bonobo waliachana miaka kati ya milioni 1 na 2 iliyopita. Iliwahi kuaminiwa pia kwamba bonde la Kongo lilikuwa ziwa, na kwamba mto wenyewe ulichukua njia yake ya leo miaka milioni moja na nusu hadi mbili iliyopita. Tarehe mbili zikalingana, mto ukapewa kesi, hukumu ikatoka.

Shida ni kwamba mto mkubwa hauwezi kuficha umri wake. Kila mwaka huchukua tope na mchanga wa nchi nzima na kuvipeleka baharini, na mbele ya mdomo wa Kongo, chini ya Atlantiki, kuna rundo la mashapo ambalo ni miongoni mwa makubwa duniani. Tabaka moja limelala juu ya jingine kama kurasa. Mwaka 2015 Wajapani watatu, Hiroyuki Takemoto, Yoshi Kawamoto na Takeshi Furuichi, walizichukua kurasa hizo wakaziweka mbele ya wanabiolojia. Mto umekuwa ukimwaga mashapo pale tangu kama miaka milioni 34 iliyopita.

Milioni 34. Wakati huo hapakuwa na sokwe, hapakuwa na bonobo, hapakuwa na binadamu, hata babu wa hao wote watatu hajazaliwa. Mto haukuja katikati ya mtu yeyote. Ulikuwepo, wao ndio walioukuta.

Kwa hiyo kosa langu ubaoni halikuwa la tarehe. Nilikuwa nimegeuza nani alitembea na nani alisimama. Utengano wa kijiografia una njia mbili, na kwenye mtihani huwa tunazichanganya kapu moja. Ya kwanza, kizuizi huja kwa wanyama: bahari inapanda na rasi inakuwa kisiwa, kama Unguja ilivyokatika na bara baada ya barafu za kale kuyeyuka, au mlima unainuka. Hapo kila kilichokuwepo hugawanywa, anayeruka na anayetambaa, na jozi za ndugu huonekana kila upande. Ya pili, wanyama huenda kwa kizuizi: wachache wanavuka siku ya bahati, mlango unafungwa nyuma yao. Hapo huoni jozi kila upande. Unaona mmoja amepita na jirani yake amebaki. Gorila hakugawanywa kwa sababu hakuvuka. Swali la dawati la nyuma ndilo jaribio lenyewe la kutofautisha njia hizo mbili, na mimi nilisema tutalirudia.

Walivukaje, ikiwa mto hauna kiangazi? Wajapani wale wanajibu kwamba uliwahi kuwa nacho. Katika zama za barafu, kwa vipindi vya maelfu ya miaka, Afrika ya kati ilikauka, misitu ikanywea, na mito ikapungua maji. Wakati kama huo, pengine miaka kama milioni moja iliyopita au mapema zaidi, sehemu za mto zenye visiwa na maji mafupi ziliweza kupitika na mnyama anayekubali kulowa kiuno. Kikundi kidogo kikavuka. Mvua zikarudi. Bonobo wa leo wana utofauti mdogo wa vinasaba kuliko sokwe wa Afrika ya kati, jambo linaloendana na wazazi waliokuwa wachache, ingawa kupungua kwao baadaye kungeweza kuleta hali hiyohiyo.

Ikiwa mlango ulifunguka mara moja, hakuna sababu usifunguke tena. Mwaka 2012 Kay Prüfer, Svante Pääbo na wenzao walichapisha jenomu, yaani mpangilio wote wa vinasaba, ya kwanza ya bonobo, ya jike aitwaye Ulindi wa bustani ya wanyama ya Leipzig. Tofauti kati yake na sokwe ilikuwa kama asilimia 0.4, na hawakuona dalili kwamba jamii hizo ziliwahi kuchanganyika tena. Mto ukaonekana ukuta kweli. Miaka minne baadaye kundi jingine likalinganisha jenomu 75, za sokwe wa spishi ndogo zote nne na za bonobo, na kwa wingi huo kitu kidogo kikajitokeza. Sokwe wa kati na wa mashariki wana chembe za vinasaba vya bonobo, chini ya asilimia 1, zilizoingia kati ya miaka 550,000 na 200,000 iliyopita. Sokwe wa magharibi, wale wa Senegal hadi Ghana, walio mbali kabisa na mto, hawana. Ramani na damu zinasema kitu kimoja. Kiangazi kingine kilipita, mtu akavuka, akapata mchumba, mto ukafunga tena.

Nilitaka shahidi wa pili ambaye si wa ukoo huu, nikampata lesula. Juni 2007, katika mji mdogo wa Opala, watafiti wa kundi la John na Terese Hart walimkuta kima jike mchanga anafugwa nyumbani kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Uso wake mrefu, umekonda, macho makubwa ya kahawia yanakutazama kama mzee wa baraza anayesubiri umalize kudanganya. Wenyeji walimwita lesula, na wawindaji walimjua vizuri. Sayansi haikumjua mpaka 2012 alipotangazwa kuwa spishi mpya. Anaishi kati ya mto Tshuapa na mto Lomami. Ndugu yake wa karibu, kima mwenye uso kama bundi, yuko mashariki ya Lualaba. Kati yao kuna mito miwili mikubwa, na hali yao ni ileile: ukoo mmoja, kingo mbili, wanyama wawili. Halafu tazama upande wa pili wa ushahidi. Tembo wa msituni yupo huku na huku, chui vivyo hivyo, na okapi naye amepatikana ng'ambo zote mbili. Kwa tembo, Kongo ni kero. Kwa bonobo ni mwisho wa dunia.

Wanafunzi hupenda kunibana kwingine: hivi hao ni spishi mbili kweli? Ernst Mayr, ambaye mwaka 1942 aliupa utengano wa kijiografia nafasi ya mbele katika kueleza spishi zinavyozaliwa, alisema spishi ni jamii zinazozaana zenyewe kwa zenyewe katika mazingira ya asili na zisizozaana na wengine. Wakiwa kifungoni, sokwe na bonobo wameshazaa watoto pamoja. Je, Mayr kavunjika? Sidhani. Neno lake lilikuwa "katika mazingira ya asili", na huko, kwa karibu muda wote huu, mto ndio uliokuwa unajibu. Lakini nakiri kwamba hapa mpaka wa spishi tumeuazima kwa jiografia. Ondoa mto kwa miaka 10,000 na sina uhakika nani angebaki nani. Mwanafunzi anayetaka jibu la ndiyo au hapana kwa ajili ya alama mbili za mtihani hulichukia jibu hili, nami namwelewa.

Ndani ya nchi ya bonobo yenyewe kazi bado inaendelea. Lomami ni mto mdogo mbele ya Kongo, lakini bonobo wa mashariki yake, katika ule ukanda ulio kati ya Lomami na Lualaba, wamekutwa na ukoo wa vinasaba ulio kando na wenzao wa magharibi. Kwa sura huwezi kuwatambua. Sehemu ya nchi yao imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami tangu 2016, na huko lesula ni jirani yao.

Yule binti alikwisha maliza shule, yuko chuo. Siku hizi nikifika somo hili nachukua chaki ya buluu kwanza. Nachora upinde wa mto peke yake, ubao mzima mtupu, naandika pembeni "miaka milioni 34". Kisha kwa nyeupe naweka vinukta ng'ambo moja tu, juu. Chini ya upinde siweki kitu. Naweka chaki chini, nakung'uta mikono, na nasubiri mtu aulize walivukaje.